Chupa Iliyovaa Soksi ya Mchumba Wangu

Chupa ya mvinyo iliingia chumbani kwetu imevaa soksi ya mchumba wangu.

Sijakosea kuandika. Soksi. Ya kijivu, ina mstari wa njano juu, na kisigino kimeshonwa kwa uzi wa kijani.

Huo uzi wa kijani niliupitisha mimi, kwa mkono na kwa mapenzi, kwa sababu siku ile uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha kazini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikawachanganya.

Naishi na rafiki yangu, msusi. Tumepanga vyumba viwili, jikoni tunashirikiana na panya. Yeye mdomo wake haujui likizo. Mimi nikiulizwa jina langu natafuta kwanza pa kujificha. Shule niliishia darasa la tano, na hata huko mwalimu alikuwa anasahau kuniita wakati nimekaa mbele yake.

Basi siku moja Msusi alimsuka mteja aliyemsimulia jinsi wanavyoonja mvinyo yeye na marafiki zake. Chupa zinafichwa, mnakunywa, kila mmoja anasema anasikia nini mdomoni. Msusi akarudi nyumbani ameshaambukizwa.

"Jumapili na sisi tunaonja," akasema. "Kila mtu aje na chupa ya bei ya chini, isizidi bei ya kusuka nywele. Na aifunge vizuri, karatasi yake isionekane."

"Nani na nani?"

"Mimi, wewe, Dereva, Karani. Na Bwana Hewa, kama kweli yupo."

Bwana Hewa ndiye mchumba wangu. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona. Hata kazi yake sikuwaambia. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, alisema mapenzi yakitangazwa huingia mdudu.

"Ndiyo maana nakupenda," alikuwa akiniambia. "Wewe ni mtu wa kimya. Huna maswali."

Nikavimba kichwa. Maisha yangu yote ukimya ulikuwa kilema, leo umekuwa sifa.

Na mambo yalikuwa yamefika pazuri. Jumapili ya pili yake, baba yake mdogo alikuwa aje kwa wazazi wangu kujitambulisha. Mama alishanunua vikombe vipya na kuwatangazia majirani wote, hata wale waliokuwa hawasalimiani.

Kwa hiyo nikamwomba mchumba wangu apite siku ya mvinyo, marafiki zangu wamwone wanyamaze. Akavutavuta, mwisho akakubali. Atapita jioni akitoka kazini.

Jumapili ikafika.

Dereva aliwahi. Anaendesha teksi na pombe haigusi, kwa hiyo alileta juisi ya zabibu iliyofungwa gazeti.

"Mimi ni jaji," akasema. "Jaji halewi."

Chupa yetu sisi wenyeji, iliyoviringishwa taulo, ilikuwa inaogelea kwenye ndoo ya maji. Friji hatuna.

Halafu akaingia Karani. Huyu anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mama yake ndiye bosi wangu, mwenye cherehani ninayojifunzia ushonaji. Akaweka chupa yake mezani.

Nikaiona soksi.

"Samahani, ni ya moto," akasema Karani. "Friji letu linaumwa tena. Fundi anakuja kila Jumamosi, analipapasa, anakula, anaondoka. Jumamosi ijayo limezimia."

Sikumsikia. Nilikuwa naangalia kisigino cha kijani. Nikamwangalia Karani, rafiki yangu niliyemwazima hadi viatu. Mkono wangu ukaanza kuwa na mawazo yake yenyewe, nikaukalia.

Kuonja kukaanza. Kizibuo hatuna, kwa hiyo vizibo vilisukumwa ndani kwa mpini wa mwiko. Glasi pia hatuna, tulitumia vikombe vya chai.

Msusi akaanza na ile yetu aliyoichagua mwenyewe. Akafumba macho.

"Hii imetulia," akasema. "Kama mtu aliyelipa kodi ya nyumba mapema."

"Jaji ananusa tu," akasema Dereva, pua ndani ya kikombe. "Inanukia viti vipya vya gari."

Ikafuata juisi. Karani alisema inapanda kichwani taratibu. Dereva hakumsahihisha.

Ikaja ya soksi. Msusi akapiga funda moja, akakunja uso kama amemeza sabuni.

"Karani, mwenzangu, haya si maji ya kuoshea sufuria?"

"Bei ya chini si ndiyo sharti lako?"

"Ya chini, si ya chini ya kitanda." Akanigeukia. "Haya, bibie. Wewe unasikia nini?"

Kwa kawaida ningesema "nzuri" nikarudi kwenye kimya changu. Lakini nilikunywa kikombe chote kwa mkupuo, na maneno yakaanza kutoka bila kuniomba ruhusa.

"Mwanzoni ni tamu," nikasema. "Tamu ya kukutoa wasiwasi. Inakwambia uinywe kwa siri, usimwonyeshe mtu. Ikishafika kooni ndipo unagundua wengine walishainywa kabla yako."

Dereva akatua kikombe.

"Kumbe mtaalamu tunaishi naye," akasema Msusi. "Na mwishoni?"

"Mwishoni inanuka mguu."

Walicheka mpaka Msusi akalala sakafuni. Mimi sikucheka.

"Karani," nikasema. "Hii soksi ya nani?"

"Sijui. Nilitaka kufunga gazeti, mama akasema ngoja. Akaingia chumbani kwake akatoka nayo. Akaivalisha chupa mwenyewe, kisigino mbele." Akasita. "Halafu kweli. Kwetu tuko wanawake wawili tu."

Chumbani kwake. Chumbani kwa bosi wangu, mjane wa watu, aliyenifundisha kushika sindano.

Kabla sijameza hilo, mlango ukagongwa.

Bwana Hewa. Shati limenyooshwa, tabasamu limepangwa, begi la spana begani. Akavua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu zake.

Mguu wa kulia, soksi nyeusi. Wa kushoto, ya kijivu yenye mstari wa njano.

Wanaume bwana, wanaamini kiatu kinaficha kila kitu.

Macho sita ya marafiki yakaenda mguuni. Yakaja kwenye chupa. Yakarudi mguuni.

"Karibu, shemeji," akasema Dereva, akiisogeza chupa. "Mwenzake huyu hapa."

"Fundi?" akasema Karani. "Si ndiye wewe unayetutengenezea friji?"

Mchumba wangu akaangalia huku na huku kama panya wetu taa ikiwashwa. Akapata wazo.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kuangalia friji."

"Lipi?" akauliza Msusi. "Humu hatujawahi kuwa na friji."

Nikasimama. Nikaivua chupa soksi, nikampa mkononi.

"Vaa, usije ukapata baridi. Na mwambie baba yako mdogo asihangaike Jumapili."

"Tutoke nje tuongee, kimya wangu."

"Nimeshaongea."

Alitoka na viatu mkononi. Hapo ndipo tukaiangalia chupa iliyobaki uchi mezani. Msusi akaivua yetu taulo.

Mvinyo ule ule. Karatasi ile ile, kampuni ile ile.

"Mmoja, nyumba mbili," akasema Dereva. "Na wote mmedanganyika."

"Ni soksi iliyouharibu," akajitetea Msusi.

Usingizi sikuupata. Kumpoteza mchumba ni jambo moja, lakini nitamwangaliaje bosi? Na kazi je?

Jumatatu nilimkuta kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Chupa ilifika?"

"Ilifika."

Akashona mstari mzima, akakata uzi.

"Kile kisigino," akasema. "Fundo umelifunga kwa ndani. Nimeshakwambia fundo la ndani linamuumiza mvaaji."

Kumbe aliijua. Aliiokota soksi chumbani kwake, akaona mkono wa mwanafunzi wake, akaelewa kila kitu kabla yangu. Ile chupa hakuifunga. Aliituma.

"Kwa nini hukuniambia tu, mama?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu? Hata kwangu baba yake mdogo alikuwa aje Jumapili hiyo hiyo mama yako anayoitangaza."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kwetu mchana."

Tukaangaliana. Sijui nani alianza kucheka, ila mteja aliyekuwa anakuja kupimwa gauni alitusikia akageuzia njiani.

"Alikuwa anachechemea?" nikauliza nilipopata pumzi.

"Jumamosi nzima. Akasema ni uzito wa mafriji."

Na lile friji halikuwa na ugonjwa wowote. Dereva alikwenda kuliangalia, akakuta waya umelegezwa kwa makusudi nyuma. Akaukaza kwa mkono. Sasa linagandisha hadi nyanya.

Mimi bado ni mtu wa kimya, nisiwadanganye. Lakini nimejua jambo. Muda wote wa uchumba, yule bwana hakuwahi kuniuliza nashona kwa nani. Angeuliza mara moja tu, angejiokoa. Nami ningemuuliza Jumamosi anashinda wapi, ningejiokoa mapema zaidi.

Kwa hiyo dada yangu, mtu akikusifia kwamba huna maswali, mtafutie moja umuulize. Na wakati anajibu, mwangalie miguu.