Hariri ya Jihan

Yule bibi mchoraji wa Bondeni huanza na nguo; uso huuacha mwisho. Kitambaa hukifumbata kiganjani, kisha hukiachia polepole aone kinavyojikunja. Mahameli, husema kwa sauti yake ya chini, humeza mwanga, hariri huurudisha. Ndipo huchukua rangi zake za mafuta, akatanguliza kivuli, na ule weupe wa mikunjo huutia baadaye kwa brashi nyembamba, pumzi ameibana.

Bi Ummulkheir alimpelekea picha ya bintiye Jihan, aliyefariki siku chache kabla ya harusi, pamoja na nguo ya hariri ambayo marehemu hakujaaliwa kuivaa. Mchoraji aliitundika nguo ukutani, akaitazama asubuhi nzima asipake kitu. "Yaning'inia tu," alisema. "Hariri yataka mtu ndani, dadangu. Yataka bega na kiwiko." Bi Ummulkheir aliitungua, akaingia nayo chumbani, akatoka ameivaa, imembana kifuani na mgongoni haikufungika. "Nichore mimi," alisema, "uso utie wake." Alikaa kitini karibu na dirisha. Mikono ilianza kumtetemeka, na hariri ikatetemeka nayo, mwanga ukikatikakatika juu ya mapaja. Alingoja kuambiwa atulie, kama bibi yule awaambiavyo wote wanaokaa pale. Hakuambiwa. Alisikia brashi tu, na alipoinuka kutazama, aliiona nguo ya mwanawe imechorwa vivyo hivyo, ikitetemeka.