Mkalimani wa Alistidia

Rwegasira alikuwa mwalimu wa walimu. Kabla ya hapo alifundisha shule ya sekondari ya Kahororo miaka mingi, na waliopita mikononi mwake walisema hakumwacha mtu atoke darasani na jambo asilolielewa. Ndiyo maana mwaka 1973, kitivo cha kilimo cha chuo kikuu kilipoanza kuleta wanafunzi Bukoba wakati wa likizo, aliombwa akae nyuma ya darasa, awasikilize wahadhiri, kisha awasaidie kufundisha vizuri zaidi.

Wa kwanza alikuwa Dakta Bartholomayo, mzaliwa wa Songea, mtu mpole aliyeijua kahawa sana. Tatizo ni kwamba aliwapa wanafunzi mgongo tangu asubuhi hadi mchana, akijaza ubao. Wao walinakili huku wakipiga miayo.

"Ndugu Daktari," Rwegasira alimwambia baada ya somo, "hawa wanaweza kuandika namna ya kukata mbuni mzee ili uchipue. Msumeno hawajaushika. Twende shambani, kila mmoja akate mti wake."

"Shamba la nani?"

"La shangazi yangu."

Shangazi huyo, Alistidia, alikuwa mjane aliyeishi Muleba, katika kibanja cha migomba na mibuni aliyoipanda na marehemu mumewe. Mibuni ilikuwa imezeeka. Ikikatwa karibu na ardhi huchipua upya, ila mwenyewe hukaa miaka miwili au zaidi bila kuvuna. Rwegasira alimwambia ni miti michache tu. Akakubali.

Siku ilipofika, aliwapokea wageni kwa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo. Bartholomayo alikata mti wa kwanza akieleza, wanafunzi wakakata wa pili na wa tatu. Hapo Alistidia akamsogelea mtoto wa kaka yake, akasema kwa Kihaya:

"Mitatu inatosha, mwanangu. Hiyo mingine ndiyo ninayoitegemea."

"Mama anasemaje?" Bartholomayo aliuliza.

Rwegasira aliwatazama wanafunzi. Walikuwa wanabishana, wanaulizana, wanagombania msumeno. Somo alilolitamani maisha yake yote lilikuwa mbele ya macho yake.

"Anasema tuendelee," akajibu.

Kabla ya chakula cha mchana, safu yote ya juu ilikuwa visiki. Alistidia aliingia jikoni. Akapika ndizi na maharage, akawalisha wote.

Sifa zilienea. Wahadhiri wengine walifika Bukoba kujifunza kwa Rwegasira, nao wakaanza kuacha ubao na kwenda mashambani. Kila aliyempongeza alimtonesha. Jumamosi alipanda basi hadi Muleba akapalilie kibanja, akibeba sukari na mafuta ya taa. Alistidia alipokea, akashukuru. Rwegasira alishindwa hata kumtazama usoni.

"Mbona siku hizi ukisifiwa unanuna?" mkewe Georgina alimuuliza.

Mwaka uliofuata Bartholomayo alirudi na kundi jipya. "Tumwombe mama tena," alisema kwa furaha.

Rwegasira alitaka kusema mama anaumwa. Akashindwa kuongeza uongo wa pili, akaeleza yote. Bartholomayo akakaa kitako.

"Kwa hiyo umenifanya mwizi, nami nikidhani nafundisha," alisema. "Twende kwake. Sasa hivi."

Walimkuta Alistidia akimenya ndizi. Rwegasira alipiga magoti, akaanza kueleza kwa Kihaya. Alistidia alimkatiza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayekanyaga mawe mtoni.

"Nilisikia siku ile. Nasoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Nilisikia umesema tuendelee."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Wageni walikuwa wengi. Ningekuaibisha. Nikangoja ujirekebishe mwenyewe. Ukaondoka."

Bartholomayo aliomba radhi kwa niaba yake na ya wanafunzi. Alijibiwa vizuri, akapewa kahawa ya kutafuna. Mwaka huo wanafunzi hawakukata kitu pale. Walikata nyasi nje ya kijiji, wakamtandazia kibanja chote. Na kwa wakulima wengine, Bartholomayo alikataa kugusa mti kabla mwenyewe hajakubali kwa kinywa chake, mbele ya jirani anayemwamini.

Visiki vilichipua. Msimu wa tatu vikazaa kuliko miti ile mizee, na watu wakamwambia Rwegasira kwamba kumbe alimsaidia shangazi yake. Hakuna maneno aliyoyachukia kama hayo. Yeye alijua ni nini kilichokatwa kisichipue. Watoto wengine wa kaka yake, Alistidia alizungumza nao Kihaya, akawatania, akawaita kwa majina ya utotoni. Rwegasira akifika akamwamkia kwa Kihaya, yeye alijibu kwa Kiswahili safi cha darasani:

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."