Amma na Tuzo ya Kerala

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na kama Mungu angeniruhusu kurudia siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mgeni hapa Brussels, nimemfuata mume wangu aliyekuwa dereva ubalozini. Nilipata kazi ya kukaa na bibi mmoja wa Kihindi kule Uccle, wakati binti yake muuguzi akiwa zamu. Nilimwita Amma kama binti yake alivyomwita. Kwa lugha yao maana yake ni mama. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga, yeye chake na mimi changu.

Amma alitoka Kerala, kusini mwa India, wanakosema Kimalayalam. Mchana alikuwa akitazama kanda za tamthilia za kwao, mimi nakunja nguo. Siku moja nyota wa tamthilia alikuwa akilia, Amma akanigusa goti. "Anayelia hapo ni mimi." Nilimtazama yule mrembo, nikamtazama Amma na mapengo yake, nikacheka hadi nikakaa chini. Akanieleza kwa subira: uso ni wa yule binti, sauti ni yake yeye, aliyekuwa akiingiza sauti studio, kwao ndivyo kazi inavyofanywa. Nikamwitikia ndiyo Amma, ndiyo Amma, vile mtu anavyombembeleza mtoto mwenye homa. Binti yake sikumuuliza hata mara moja. Nilijiona najua kila kitu, unawajua vijana.

Basi yule mwigizaji akapewa tuzo ya jimbo lao, ile ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia za televisheni. Akapita Ulaya, na watu wa Kerala walioko hapa wakamwandalia hafla ya kumpongeza katika ukumbi mmoja Koekelberg. Binti wa Amma alikuwa kazini asubuhi ile ya Jumamosi, nikaambiwa nimpeleke mimi. Amma alivaa sari nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Ndani ya tramu alikuwa akikohoa kidogo, halafu anarudia polepole maneno ya ile tamthilia, anaijaribu sauti yake. Abiria walikuwa wakigeuka, na mimi nikaona aibu.

Ukumbini alikwenda moja kwa moja kwa bwana aliyeshika orodha ya wageni. Akamsemesha kwa lugha yao huku akijigusa koo. Yule bwana akanigeukia mimi, msichana wa kazi, kana kwamba mimi ndiye mwenye majibu. Mwanangu, hapo ndipo nilipoharibu. Nilitabasamu nikasema, "Msamehe, ni mzee, anachanganyikiwa. Anadhani tuzo ni yake."

Bwana akacheka kwa upole, akatuonyesha viti vya nyuma, karibu na makoti. Amma hakukaa. Kiingereza kile alikielewa vizuri kabisa. Alitengeneza sari yake begani akasema, "Turudi nyumbani." Mwigizaji mwenyewe alikuwa hajafika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, maana alasiri nilikuwa na miadi ya kusukwa.

Msusi wangu, Maman Béa, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa na saluni karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Nilimsimulia kisa kile ili acheke. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Uliuliza mutoto yake kama ni kweli?"

"Sikuuliza, maman."

"Bon. Muntu muzima anakuambia kazi yake, na wewe unamufanya mujinga mbele ya bantu? Lamuka, simama. Enda umuombe pardon, kisha utarudia nitamaliza."

Niliondoka nimesukwa nusu kichwa, nimejifunga kitambaa, nimemkasirikia yeye badala ya nafsi yangu. Kwa Amma sikwenda. Nilisema Jumatatu. Jumatatu nikasema nitatafuta wakati mzuri.

Jumanne binti yake aliniuliza mbona tuliondoka mapema. Kumbe, kama alivyosimuliwa na waliokuwepo, mwigizaji alisimama na tuzo yake mkononi akasema kilio kilichowaliza watu wa Kerala hakikuwa chake, na kwamba alisikia mwenye sauti amehamia Ubelgiji. Aliomba anayemfahamu ampe namba yake ya simu, na mmoja wao akampa. Nikainama kuokota kisichokuwepo.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa mwigizaji mwenyewe. Binti akampelekea Amma simu huku akicheka kwa furaha. Amma aliitazama, kisha akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza ili nisikie: "Mwambie Amma ni mzee. Anachanganyikiwa." Akaingia chumbani kwake.

Zile kanda hazikuwekwa tena. Amma alifariki kabla baridi haijaisha, na radhi yake sikuiomba. Nililia sana kwenye mazishi, na watu walinisifu kwa upendo wangu. Hilo lilinichoma kuliko matusi.

Mwanangu, mzee akikuambia alikuwa nani, keti umsikilize, na ukiwa na shaka uliza. Usimsemee mtu aliye hai, amesimama kando yako. Na ukikosea, usingoje wakati mzuri. Mungu akupe wepesi wa kuuliza na uzito wa kuhukumu, na akujalie kuomba radhi wakati unayemwomba bado anakusikia.