Mbwa Aliyetoka Kishushe

Nilipokuwa mtoto kule Wusi, hakuna mtoto aliyepewa mnyama wa kufuga kabla nyumba nzima haijaulizwa. Mtoto mwenyewe hakuulizwa kitu. Waliulizwa wakubwa, mmoja mmoja, kama kuna mwenye kinyongo na mnyama yule au na mtu aliyemtoa. Kila mmoja alichukua maji mdomoni, akayapuliza chini kama umande, akasema, "Kama kuna hasira moyoni mwangu, itoke na maji haya." Kwetu Utaita hiyo ndiyo kutasa. Wengine waliifanya kwa mambo mazito tu, kama ndoa na maradhi. Nyanya, mama yake Baba, aliifanya hata kwa kuku.

Nyanya alikuwa na msimamo wake kuhusu mnyama anayemfaa mtoto. Kuku alifaa, kwa sababu akifa mnamla na kilio kinaisha. Mbuzi jike alifaa zaidi, kwa sababu humfundisha mtoto kuamka mapema. Paka hakufaa, kwa kuwa hana mwenyewe. Kobe hakutaka hata kusikia akitajwa. Alisema atatuzika sote, na hakuna ajuaye anawaza nini akiwa ndani ya gamba lake. Mbwa alimweka katikati.

"Mbwa husikia yale watu hawasemi," alituambia. "Kwa hiyo kabla hamjamleta, semeni yote."

Baba hakuwa na nafasi ya kusema yote. Alifanya kazi katika ghala moja huko Voi na alipanda milimani kwetu mara chache, akiwa na haraka ya kurudi. Safari moja alipitia Kishushe kumwona dada yake, Shangazi Mkamburi, aliyeolewa kule chini kwenye ranchi, ambako gari likipita watu hutoka nje kulitazama. Alipofika nyumbani alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, mguu mmoja mweupe. Alikuwa wetu, mimi na mdogo wangu Wakesho, ambaye alikuwa bado hajaanza shule.

Nyanya alimtazama mbwa, kisha akamtazama mwanawe.

"Mkamburi amemtoa kwa moyo mmoja?"

"Amenipa mwenyewe, Mama. Kama hataki si angesema?"

"Mkamburi?" Nyanya akacheka kwa pua. "Yule tangu lini alisema kitu?"

"Mama, gari litaniacha. Ni mbwa tu."

"Haya, nenda. Lakini mnyama ambaye hajaulizwa hubaki wa kule alikotoka. Siku kule kukimwita, ataitika akiwa hapa kwako."

Baba akaondoka. Mama alikuwa anapepeta maharagwe, hakuinua kichwa. Yeye alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda mabishano ya mama mkwe na mwanawe. Tukamwita mbwa Bosi, na kwa majuma kadhaa hatukuwa na shida yoyote naye. Alitufuata kisimani, alilala juu ya miguu yetu, alikimbizwa na jogoo mpaka Mama, ambaye hacheki ovyo, akacheka.

Kisha akabadilika.

Kwanza aliacha kuja akiitwa. Alijificha chini ya ghala la mahindi akitazama ukuta. Sauti yake ikawa nyingine, nzito na ya kukwaruza, kama ya mtu mzima aliyepotewa na sauti. Siku moja mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, alitoka akaketi mbele ya mlango wetu, akainua pua na kulia. Hakubweka. Alilia mlio mrefu uliokatika katikati na kuanza tena. Jirani yetu, Mama Mshai, alikuwa njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama.

"Mbwa akilia hivyo akitazama mlango, kuna mtu atatolewa kwa mlango huo," alisema. "Mmemtoa wapi huyu?"

"Kwa Mkamburi," Nyanya akajibu.

"Loo! Kwa Mkamburi? Yule hata salamu hukukopesha, atatoa mbwa kwa moyo mweupe?"

Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akaongeza mwendo.

Jambo lililonitisha zaidi ni maji. Nilimwekea Bosi maji kwenye sufuria kuukuu, akayasogelea kama mwenye kiu, kisha shingo yake ikakakamaa, akatetemeka na kurudi nyuma, mate yakimtiririka. Nikayasogeza tena. Akayatazama kama vile kuna mtu ndani yake. Nilimkimbilia Nyanya kumwambia. Alikuja, akaona, akaisogeza sufuria pembeni.

"Anaitwa," alisema.

Mpaka leo sijasikia neno fupi lililowahi kunitia baridi kama lile.

Wakesho hakuelewa haya yote. Aliona mbwa wake ana huzuni, akaenda chini ya ghala kumkumbatia. Tulisikia ukelele. Alipotoka, kifundo cha mkono kilikuwa na alama za meno, damu kidogo tu. Mama alimfukuza Bosi kwa ufagio mpaka kwenye banda la mbuzi lililokuwa tupu, akaufunga mlango kwa kamba. Akarudi, akaufuta ule mkono kwa kitambaa na kuufunga.

"Nampeleka hospitali Wundanyi sasa hivi," alisema.

"Hospitali haihami," Nyanya akasema. "Kwanza Mkamburi aje atase. Kuna kitu moyoni mwake, na mbwa huyu anakibeba."

Mama alinyamaza. Nilipokuwa kijana nilimlaumu kwa kunyamaza kule. Sasa nina watoto wangu na simlaumu tena. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Watoto wa mbwa wote huuma. Shamba lilikuwa linangoja, kuni hazikuwapo, na kumbishia mama mkwe ni kazi nyingine juu ya kazi. Mama aliyechoka hupima mambo hivyo, na mara nyingi hupima sawa.

Ujumbe ukapelekwa kwa dereva wa pikapu aliyekuwa akishuka Kishushe kuchukua mbuzi. Jioni hiyo tulimsikia Bosi akitafuna mbao za mlango wa banda. Wakesho alilala akiwa amenishika nguo, na mimi nikawa nahesabu watu wa nyumba ile, nikijiuliza ni nani atakayetolewa mlangoni. Kila nikihesabu nilimruka Wakesho, nikijifanya nimemsahau.

Shangazi Mkamburi alifika kesho yake kabla ya saa sita, vumbi jekundu la Kishushe likiwa bado kwenye kilemba chake. Hakuomba chai. Banda la mbuzi lilikuwa kimya. Mama alikuwa amechungulia asubuhi akamkuta Bosi amelala kwa ubavu, miguu ya nyuma haifanyi kazi. Shangazi hakuuliza habari zake, jambo ambalo niliona ni geni kwa mtu aliyeitwa kwa sababu ya mbwa.

Tuliketi uani. Nyanya alianza na kibuyu cha maji, akapuliza na kusema hasira yake ilikuwa kwa mwanawe mwenye haraka, na iishe. Mama, kanisa au si kanisa, alifuata. Kisha kibuyu kikamfikia Shangazi. Akapiga funda, akapuliza.

"Nilikasirika," alisema akitazama chini. "Ndugu yangu alichukua mbwa ambaye binti yangu alishampa jina. Mtoto alilia. Mimi nikamnyamazisha, lakini moyoni niliungua. Hiyo hasira itoke."

"Imetoka," Nyanya akasema. "Na nyingine?"

"Hakuna nyingine."

Nyanya alimwachia kibuyu mkononi. Kuku walipita katikati yetu. Mama alianza kuinuka, Nyanya akamrudisha kwa jicho. Nilimtazama Shangazi, mwanamke mkubwa, mwenye mikono ya kukamua ng'ombe, nikaona anakizungusha kibuyu bila kukiinua.

"Umebakisha, Mkamburi," Nyanya alisema kwa upole. "Tasa tena."

Shangazi akapeleka maji mdomoni, lakini safari hii aliyameza.

"Mama yake yule mbwa aliingiwa na kichaa," alisema. "Ndugu yangu alikuwa ndiyo kwanza ameondoka na mtoto wake. Yule mama alimuuma ndama, akauma fimbo, akauma hewa. Wanaume wakampiga wakamuua. Baadaye ndama naye akaanza kutoka mate, akafa."

Mama alisimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa nalo?"

Shangazi aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamwita Mama kwa jina langu. "Ningesema nini, Mama Saru? Ningetuma watu waje waseme mbwa niliyempa ndugu yangu ana kifo ndani yake? Halafu mtoto augue, hata homa tu. Si mngesema Mkamburi ndiye aliyemtamkia mabaya? Wusi nzima ingesema. Nilisema moyoni, labda huyu mdogo yuko mzima. Nikaomba Mungu awe mzima."

Mama alimbeba Wakesho mgongoni, akanishika mkono, tukateremka kwa miguu. Nakumbuka kisigino cha Mama kikitoka damu kwa sababu ya kiatu, na yeye haoni. Hospitalini muuguzi alikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akaosha na kuosha mpaka Wakesho akachoka kulia. Akachomwa sindano, na mimi pia, kwa kuwa mate ya Bosi yalikuwa yameingia kwenye mikwaruzo ya vidole vyangu.

"Ameumwa jana?" muuguzi aliuliza. "Mlikuwa mnangoja nini?"

Mama aliinama, akamfunga Wakesho vifungo vya gauni.

Tuliporudi Bosi alikuwa amekufa, na Nyanya alikuwa amemfukia mwenyewe kwa kina kirefu, bila kumgusa kwa mkono. Tulidhani hofu imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Tulirudi hospitali mara kwa mara kumalizia sindano, na muuguzi alimhakikishia Mama kwamba mtoto atakuwa salama, lakini nyumbani hakuna aliyeamini mpaka aone. Tulichokuwa tunaona ni kikombe. Kila Wakesho alipokunywa maji, watu waliacha kazi. Nyanya aliacha kusuka kikapu chake. Mama alisimama na mwiko hewani. Mimi nilisikiliza koo lake, nikisubiri funda literemke.

Yeye, kwa akili ya mtoto, aligundua kwamba maji yanamfanya kuwa mtu mkubwa. Siku moja tukiwa mezani alisogeza kikombe mbali, akakakamaza shingo na kutetemeka, kama tulivyomwona Bosi.

Mwiko ulianguka. Nyanya akasema, "Yesu wangu," yeye ambaye jina hilo hakulitumia ovyo. Wakesho akaangua kicheko.

"Nimewaweza! Mmeogopa!"

Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti, aproni yake imejaa unga. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Wakesho alikichukua kikombe mwenyewe akakinywa chote, akituonyesha, macho yamemtoka.

Aliishi. Ameolewa upande wa Chala, ana watoto wenye kelele, na hana habari na hofu zangu.

Shangazi Mkamburi hakutoka salama. Habari ilienea kama alivyoogopa kwamba ingeenea. Watu walisema ni hasira yake iliyomtia mbwa kichaa, na kila aliyekuwa na ng'ombe aliyekufa alianza kukumbuka ni lini mara ya mwisho alisalimiana naye. Aliacha kupanda Wusi. Nyanya alijaribu kumtetea, lakini ni yeye aliyekuwa amemwita aje atase, na watu hawakulisahau hilo.

Mimi nilisoma sekondari, nikafundishwa kwamba kichaa cha mbwa ni virusi na hukaa kwenye mate. Sina shaka na hilo. Lakini si virusi vilivyomfunga Shangazi mdomo. Tulimfunga sisi. Kutasa kulituchelewesha siku nzima, na bila kutasa tusingejua kabisa. Nimelipima jambo hilo pande zote mbili kwa miaka, nikikanda unga, nikingoja maji ya mfereji, na mizani haijatulia.

Mwezi huu binti yangu amenisumbua anataka mbwa. Kuna jirani hapa Voi, Mama Kevo, ambaye mbwa wake amezaa. Nilienda peke yangu. Niliuliza chanjo, nikamtazama mama mbwa akinywa maji, nikamtazama mpaka akamaliza. Kisha nikasema, "Mama Kevo, kama kuna jambo lolote kuhusu hawa mbwa, niambie. Hata kama ni dogo. Na likitokea baya baadaye, sitasema ni wewe."

Akanishangaa. "Jambo kama gani, dadangu?"

"Lolote."

Alicheka, akafungua mdomo anijibu haraka kwamba hakuna. Kisha kitu kikamzuia, akaanza kufikiri. Nguo zilikuwa zimelowekwa nyumbani na mchana ulikuwa unaisha. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamngoja.