Jina Nililoliacha Nje ya Fomu

Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, lakini majina sisahau. Naweza kukutajia kila mtu aliyejenga karibu na sisi hapa Kitengela tangu wakati nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya choo. Ndiyo maana ile siku ya Kajiado bado inaniuma.

Vijana wangu walitaka tuuze shamba lote tuhamie Loitokitok, kwenye maji ya kulima. Nikakubali. Karani wa bodi ya ardhi kule Kajiado akataka majina ya watoto wangu wazima, kwa sababu bodi haipitishi kitu mpaka kila mmoja asimame mbele yao aseme anakubali. Nikamtajia wanne, majina matatu matatu, bila kusita.

Mtoto wangu wa tatu, msichana, sikumtaja. Amepita miaka thelathini na tano, lakini akili yake imeenda polepole tangu azaliwe, na nilikuwa nimezoea kumjibia kila kitu, hata akiulizwa kama ameshiba. Siku ya kusimama mbele ya bodi tulienda naye tu kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia.

Tulipokaa kwa benchi, mzee mmoja wa bodi, Mmaasai, akatusalimia sisi wanawake, "Takwenya." Mimi nikiwa bado natafuta miwani, msichana akamjibu kwa Kimaasai, "Iko!" vile alivyofundishwa na akina mama wanaotuletea maziwa. Mzee akamwangalia tena, akatabasamu.

Mwenyekiti akasoma majina. Kila aliyeitwa akasimama, akasema anakubali. Wanne wakaisha, akashika kalamu.

"Na mimi?"

Msichana wangu alikuwa amesimama, amekumbatia mkoba wangu.

"Keti chini, mamii," kaka yake mkubwa akamnong'oneza.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akamuuliza.

Akasema majina yake yote matatu kwa sauti, vile nilimfundisha asije akapotea sokoni.

"Na unakubali shamba iuzwe?"

"Anakubali, mheshimiwa," nikasema.

"Shosho, nimemuuliza yeye."

Akafikiria. Wenye kesi zingine walikuwa wamejaa mlangoni, lakini hakuna aliyemharakisha.

"Kuku zangu ziko hapo. Kitanda yangu iko hapo. Mkiuza, mimi nitalala wapi?"

"Mheshimiwa, huyu haelewi," kijana wangu akasema.

"Naelewa. Wewe hukuniuliza."

Yule mzee akasema, "Tangu asubuhi, huyu ndiye wa kwanza kuuliza swali."

Mwenyekiti akaturudishia fomu. Akauliza kwa nini huyu hakuandikwa. Vijana wangu wakamgeukia karani kama ndiye aliyekosea. Ningenyamaza, ingepita hivyo.

"Ni mimi nilimwacha," nikasema.

Nyumbani tukamuuliza anataka nini, mara ya kwanza kwa maisha yake. Akatutembeza kutoka kwa tangi ya maji mpaka nyumba ya kuku, akazunguka kando ya ua wa miiba ya kayaba mpaka mlango wetu. "Hapa hapana," akasema. "Huko kwingine uzeni."

Tuliporudi Kajiado, fomu ilikuwa na majina matano, na kipande chake kilikuwa kimeachwa nje ya kile cha kuuzwa. Mwenyekiti alipomwita, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikaufunga. Nikashika mkoba wangu mwenyewe, nikangoja pamoja na wengine tusikie atasema nini.