Mlima wa Pili

Amedeus alikuwa mtu wa kuona haya tangu utoto. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na dukani aliacha wote wahudumiwe ndipo aseme anataka sabuni. Kwa hiyo kijiji kizima, huku upande wa Nkowe wilayani Ruangwa, kilicheka siku alipochaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa jamii. Hakugombea. Mkutanoni jina lake lilitajwa, akaulizwa kama ana pingamizi, naye akashindwa kufungua mdomo.

Masika yale kipindupindu kiliingia kijijini, kikalaza watu zahanati hadi mikeka ikatandikwa nje, kisha kikapoa. Kilipopoa, wahudumu wa Ruangwa na Nachingwea waliitwa semina Nachingwea mjini. Aliyewafundisha alikuwa binti mwenye miwani aitwaye Sabaha, mtaalamu wa hesabu za magonjwa. Alichora mlima ubaoni.

"Hawa ni wagonjwa wa masika. Mnaona walivyopanda, kisha wakashuka. Wameshuka kwa nini?"

"Ugonjwa umechoka," mmoja alisema, watu wakacheka.

Sabaha naye alicheka. "Ugonjwa hauchoki, baba. Watu ndio walioogopa. Wameogopa, wakachemsha maji, wakanawa mikono." Chini ya mlima akachora mstari wa nukta nukta. "Huu ni woga. Kwenye hesabu yetu woga nao una namba yake. Wagonjwa wakiwa wengi, woga unapanda, na ugonjwa unapungua. Ugonjwa ukipungua, watu wanasahau. Woga ukishuka sana, mlima wa pili unaanza."

"Utaanza lini?"

"Hesabu inaonyesha msimu wa mabibo, watu wanapokusanyika mashambani na kunywa pamoja. Lakini mkiwazuia wasinywe kopo moja, na maji yakichemshwa, mlima hautapanda. Na usipopanda, msije mkasema Sabaha ni mwongo!"

Walicheka tena. Amedeus alicheka pia, ingawa neno lile la mwisho hakulielewa.

Aliporudi alipewa kipaza sauti. Akapita nyumba kwa nyumba na baiskeli, macho chini, akitangaza kwamba mlima wa pili unakuja na mabibo. Kwa kuwa makaburi ya masika yalikuwa bado mabichi, watu walimsikiliza. Mikorosho ilipozaa na mabibo yakaanza kukamuliwa kuwa pombe ya uraka, kila mnywaji alikwenda kilabuni na kikombe chake mwenyewe. Wengine walivifunga kiunoni kwa kamba.

Msimu ukashika kasi, wiki zikapita. Hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Aliyeongoza alikuwa mzee Eustakio, mcheshi wa kijiji, ambaye hata msibani watu walimsogelea wapate kucheka.

"Bwana Milima! Mlima wako umepanda gari gani?"

"Limeharibika Ruangwa," mwingine alimjibu. "Linasubiri spea."

"Au umetuona watu wengi ukaona aibu, kama mwenyewe!"

Amedeus alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu. Angeweza kuwaambia kwamba mlima haujapanda kwa sababu wao wenyewe wameukalia. Lakini maneno yale yalihitaji mtu wa kusimama katikati ya watu na kuyasema taratibu, naye hakuwa mtu huyo. Akaanza kuzunguka njia ya bondeni asipite kilabuni.

Lililomuuma zaidi ni Gaudensia, mjane wa kaka yake, ambaye uraka ndio uliomlisha yeye na wanawe. Kunywa kila mtu na chake kulipunguza raha, na raha ilipopungua wateja nao walipungua.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "mimi na wewe tumekosana wapi?"

"Hatujakosana, shemeji."

"Basi mbona unawaambia watu pombe yangu inaua?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa kipaza sauti!"

Jumapili moja baada ya ibada, Eustakio alimshika mkono mlangoni mwa kanisa na hakumwachia mpaka kilabuni. Watu walikuwa wamejaa chini ya mikorosho. Gaudensia alichota uraka kwa kopo kubwa, akaonja yeye kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi ya kutoa sumu, kisha akampa Amedeus kwa mikono miwili.

Watu wote wakamtazama. Kikombe chake kilikuwa mfukoni mwa koti. Alikigusa. Lakini kukataa kopo ambalo mwenyewe ameshalionja ni sawa na kumwita mchawi, tena mbele ya watu, tena mke wa ndugu yako. Masikio yake yalikuwa ya moto. Alitamani jambo moja tu, wale watu waache kumtazama.

Akanywa.

Makofi na vigelegele vikapigwa. "Bwana Milima ameshuka!" Eustakio alipiga kelele, akalipokea kopo, akanywa, akalipitisha. Likazunguka kilabu nzima. Kuanzia siku ile hakuna aliyetembea na kikombe tena. Kama mhudumu mwenyewe amekunywa, nani aendelee kuogopa? Hata maji ya kuongezea uraka yakaacha kuchemshwa, yakachotwa bondeni kama zamani.

Haikuchukua muda. Mikeka ilitandikwa tena nje ya zahanati. Gaudensia aliwekewa dripu akapona. Eustakio hakupona.

Amedeus mwenyewe hakuumwa, akaona bora angeumwa. Alitegemea watu wamtukane. Badala yake, makaburini, walimpisha njia kwa heshima.

"Ulituambia," mtoto wa marehemu alisema akimshika bega. "Ulituambia, sisi hatukusikia."

Angempiga kofi, lisingeuma kama hilo.

Sabaha alifika na gari la wataalamu. Aliufungua mchoro wake juu ya meza ya zahanati, na safari hii milima ilikuwa miwili, wa pili mrefu kuliko wa kwanza.

"Mzee wangu, nakutafuta wewe. Kule Narung'ombe bado hawajapata wagonjwa, na mabibo hayajaisha. Nataka uende ukawaambie. Wewe uliyeonya mapema watakusikia." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa nukta nukta. "Kitu kimoja kinatusumbua. Hesabu yetu ilitegemea woga ushuke polepole. Hapa kwenu ulianguka ghafla, kama mtu aliyesukumwa. Sijui nini kilitokea."

Amedeus aliutazama mstari ule. Ulikuwa umeshuka wima.

"Hapo ni mimi," alisema.

"Wewe vipi?"

Akamweleza, macho kwenye meza, kuhusu kopo, shemeji yake na makofi. Sabaha alivua miwani. Hakumlaumu wala hakumpa pole.

"Sasa tafuta mtu mwingine wa kwenda," Amedeus alisema.

"Mwingine hajawahi kushikishwa hilo kopo, mzee wangu. Nenda wewe."

Jumapili iliyofuata aliendesha baiskeli hadi Narung'ombe. Kilabuni walimkaribisha vizuri, na kabla hajafungua mdomo, mwenye pombe, mwanamke wa makamo, alionja kopo na kumwinulia kwa mikono miwili. Kelele zikakatika. Masikio yakawa ya moto vilevile.

Alitoa kikombe chake mfukoni.

"Mama, uraka wako siukatai. Nimiminie humu, kama maji yake umeyachemsha."

"Lo! Mgeni anatuona wachafu!" mtu alisema nyuma, na watu wakaangua kicheko. Mama alibaki na kopo mkononi, uso umembadilika.

Amedeus aliinama kwa aibu. Sauti ikamtoka ndogo, ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Nilikuwa na rafiki," alisema, kikombe bado amekinyoosha. "Aliitwa Eustakio. Mimi ndiye niliyempa kopo."