Injini Iliyolala kwa Shangazi

Kwetu Makindye kuna gari ambalo halijatembea tangu nikiwa na miaka mitano. Ni gari la Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, usukani upande wa kushoto, na chini ya boneti hakuna kitu. Baba alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na wakati huo lilikuwa limetembea maili elfu tisa tu. Yeye akaliongezea elfu mbili, nyingi za mbwembwe: kupanda kilima, kushuka kilima, watu wamsikie. Injini ilikuwa ya silinda nane. Wazee wa mtaa wanasema walijua Baba anakuja kabla hajafika njia panda. Mimi nami nasema hivyo hivyo, ingawa sikumbuki. Nimehadithiwa mpaka nikadhani nilisikia.

Mwaka wa vita wanajeshi walichukua kila kilichokuwa na magurudumu. Mafundi wa Kampala walikuwa na dawa yao: ng'oa injini, panga gari juu ya mawe, kaa kimya. Mwenye bunduki hana kazi na gari ambalo lazima alisukume. Baba, ambaye naye alikuwa fundi, akaing'oa yake, akaziba matundu yote kwa matambara yaliyolowa oili, akaipakia kwenye pikapu, akaifunika kwa majani ya migomba na kuipeleka Nateete kwa dada yake. Vita vikaisha. Kabla hajaenda kuichukua, shangazi akaolewa na mwanamume ambaye Baba alikuwa amemkataa, na katikati ya ugomvi huo watu wakaleta maneno kwamba shemeji ameshaiuza injini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba akaamini. Hakwenda, hakuuliza.

Miaka arobaini na ushei hakuuliza. Nimekua nikijua kwamba nina shangazi mmoja Nateete aliyekula injini. Hivyo ndivyo alivyoitwa nyumbani, na nilipokuwa mdogo nilijiuliza aliwezaje kuitafuna. Makindye na Nateete si mbali, unapanda boda unafika kabla chai haijapoa, lakini kiburi cha sisi Wanubi kinaweza kufanya Nateete ikawa ng'ambo ya Khartoum.

Katika watoto wa Baba ni mimi tu niliyependa grisi. Kaka zangu wana kola nyeupe. Mimi nina duka la spea, na nyuma ya duka nina gereji ndogo, na mwanamume akiingia akaniambia dada niitie fundi, huwa namjibu vibaya. Basi kiharusi kilipompiga Baba, upande wa kushoto ukafa wote, mimi ndiye niliyeitwa kitandani kwake. Hakuomba daktari wa India. Aliomba injini. Alitaka kulisikia gari lake likinguruma mara moja kabla hajafa, na hakutaka nimchomekee injini ya Kijapani. Alitaka aina ile ile ya silinda nane, iliyotembea kidogo, ambayo hakuna mtu ameichokonoa.

"Nitafutie, mama," akasema.

Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo yeye aliniita mama siku zote. Mtu akikuita mama huku nusu ya mdomo wake haisogei, utamkatalia nini?

Nikatafuta. Niliwaambia madalali wote ninaowajua na wengine ambao sikutaka kuwajua. Kwa ujinga wangu nikawaandikia na nambari ya injini kama ilivyo kwenye kitabu cha gari, ili wajue ni ya mwaka gani. Dalali wa kwanza aliniletea injini ya lori. Wa pili alinionyesha kwenye simu picha ya injini ambayo alisema iko Dubai, inasubiri meli. Nikaivuta picha ikawa kubwa, nyuma yake nikaona marobota ya mitumba ya soko la Owino, hapa hapa Kampala, na mama mmoja anachoma ndizi. Wa tatu akanipigia akihema: dada, nimeipata ya baba yako, yenyewe kabisa. Nilifunga duka nikakimbia. Nambari ilikuwa ile ile kweli, tarakimu kwa tarakimu. Nikaigusa, rangi ikabaki kidoleni. Halafu nikahesabu plagi, zikawa sita. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke aliyetoka kuswali adhuhuri hapaswi kuyatamka, naye akaniuliza kwa upole kama ningependa azifikishe nane.

Watu wakicheka hadithi hiyo nami hucheka. Siku yenyewe nililia juu ya boda kwa hasira, mwenye boda akadhani nimefiwa. Baba alikuwa anapungua kila wiki, na kila jioni aliniuliza habari ya injini kabla hajaniuliza habari yangu. Hasira isiyo na pa kwenda hutafuta mtu, na mimi wa kwangu nilikuwa nimemjua tangu utotoni. Nikamwambia mwenye boda ageuze, twende Nateete.

Nilimkuta shangazi barazani anachambua maharage. Alikuwa mjane sasa, mfupi kuliko nilivyomkuza kichwani, ana macho ya Baba. Maisha yake yote ameuza maharage, ya kupika na ya mbegu. Sikumwamkia. Nilimwambia mimi ni binti wa kaka yake, na nimekuja kujua mumewe alimuuzia nani injini, nimfuate mtu huyo, au watoto wake, au kaburi lake.

Alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo, akaenda nyuma ya nyumba kufungua stoo. Ndani kulikuwa na magunia ya maharage, na nyuma ya magunia, juu ya magogo mawili, kitu kimefunikwa. Akavuta gunia la juu. Nikapangusa ubavu wa chuma kwa kidole gumba, na nambari ikatokea, safi, ile ambayo hakuna dalali aliyeigonga. Injini ya Baba. Maili elfu kumi na moja.

"Baba yako hakuniuliza," shangazi akasema. "Angeuliza, ningemwonyesha."

Mimi si mtu wa kupiga magoti. Kwa wakwe zangu nilipiga kwa shida, na wao wanalijua hilo. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye sakafu ya stoo nikamwomba msamaha yule mama, kwa niaba yangu na ya nyumba yetu nzima. Akanishika kichwa, akasema yameisha.

Nilipoinua uso ndipo nikaona majivu. Kila tundu la injini lilikuwa limejaa majivu: mahali pa kabureta, mahali pa moshi, mahali pa plagi. Shangazi akaniona natazama, akaanza kunieleza kwa furaha. Yale matambara ya Baba yalikuwa yananuka oili, panya wakaja kuyatafuna na kuzalia humo. Akayatoa akayatupa. Akachekecha majivu ya jikoni kwake, akaijaza injini kama anavyofanya maharage ya mbegu, maana maharage yaliyochanganywa na majivu hayaguswi na fukusi. Kila msimu majivu yalishuka kidogo, na kila msimu akaongeza. Hata mumewe alipotaka stoo ile apangishe, alimkatalia.

"Hakuna mdudu hata mmoja aliyeigusa," akaniambia.

Stoo ile iko bondeni. Nateete mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka vitandani, na sakafu haikauki. Majivu yakipata unyevu hutoa maji makali. Wapishi wetu hulainisha mboga ngumu kwa maji hayo. Yanachofanya kwenye mboga ndicho yanachofanya kwenye aluminiamu, ila polepole, na pistoni za injini ile zilikuwa za aluminiamu. Nilijua pale pale. Moyo ulikataa, lakini mikono ya fundi haidanganyiki. Nikamwambia, "Umeitunza, shangazi," naye akafurahi mpaka akanifungia maharage ya kwenda nayo.

Watu sita waliibeba kwa minyororo na mti mpaka kwenye gari, nikaipeleka gereji kwangu, nikawafukuza wote nikaifungua kichwa cha silinda za upande mmoja. Majivu yalikuwa yamegeuka saruji. Pistoni zimeliwa, zimeshikana na kuta za silinda, na kuta zenyewe zina vidonda. Niliweka dizeli, nikaweka mafuta ya breki, nikasubiri siku nne, nikachomeka bomba refu kwenye spana nikavuta mpaka nikaumia bega. Haikusogea hata unywele. Labda mtu wa Marekani mwenye mashine zote na miaka miwili angeifufua. Mimi mashine hizo sina, na Baba hakuwa na hiyo miaka miwili. Niliketi juu ya tairi nikasema ee Mungu, injini imekwepa jeshi zima, imekuja kuuawa na mapenzi. Hakuna mtu wa kumtukana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana kutukana najua.

Nikairudishia kichwa chake, nikaiosha, nikaipeleka Makindye, nikiwa nimeazimia kumwambia Baba ukweli tukiwa wawili tu. Ijumaa baada ya swala nikaingia uani, nikamkuta shangazi ameketi kando yake.

Nilikuwa nimewaambia kaka zangu injini imepatikana, na kaka mkubwa, huruma zake, akamfuata shangazi kwa gari. Baba alikuwa amekwisha kumwomba radhi mbele ya watu. Sasa walikuwa wanaongea Kinubi cha utotoni mwao, wanamcheka mama yao marehemu jinsi alivyokuwa akificha sukari, na Baba machozi yanamtoka jicho moja. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nilisimama pale na kapu langu, nikijua shambani hakuna kitu.

Baba akaomba spana. Fundi wa zamani hawashi injini iliyolala kabla ya kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka, ina uhai, mengine ni marekebisho. Nilimwambia angoje, daktari amemkataza kujikaza, jua ni kali, nimesahau spana dukani. Akamtuma kaka, spana ikaletwa, ndefu, yake mwenyewe ya kazini. Tukamsogeza na kiti chake mpaka kwenye injini. Akaiweka spana kwenye nati ya mbele bila kutazama. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani; alivuta kwa wa kulia, mkono aliobaki nao, aliokula nao na kujinyolea nao na kunitishia nao nikichelewa. Akavuta. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akapumzika, akasema bismillahi, akavuta tena, kiti kikainuka mguu mmoja.

Injini haikusogea. Shangazi akaacha kucheka. Alimtazama Baba, akanitazama mimi, na nikaona swali linaanza kuja usoni kwake.

Baba hakuitazama injini. Aliutazama mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua.

"Injini haina kosa," akasema. "Maili elfu kumi na moja, na imekaa kwa mtu mwaminifu. Ni mkono. Na huu nao umekwenda." Akanigeukia. "Si ndiyo, mama? Wewe ni fundi."

Nilikuwa na nafasi. Nimeirudia nafasi hiyo kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia sala. Ningesema ni injini, na dada yake angeinuka pale akiwa ndiye aliyeiua baada ya kuilinda maisha yake yote, na Baba, nilivyomjua, angesema heri ungeiuza. Nilimtazama yule mama na leso yake nzuri aliyoivaa kwa kuja kwetu.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Ni mkono."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniachia spana kiganjani, akasema arudishwe ndani. Usiku chakula kilipoletwa hakunyoosha mkono. Tukadhani amechoka. Asubuhi hakunyoosha. Mkono wa kulia aliulaza juu ya shuka kando ya ule mwingine, akawa anasubiri alishwe, anyolewe, ageuzwe. Habari ya gari hakuiuliza tena, wala ya injini. Shangazi alihamia kwetu akawa anamlisha mchana, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa ndugu yake, na mimi nilimlisha asubuhi kabla ya kufungua duka.

Aliishi miezi minne hivyo. Mwezi wa pili alikuja muuguzi wa kumnyoosha viungo. Akampa vidole viwili vyake, akamwambia mzee, bana. Baba akabana, na yule binti akapiga ukelele, akavitoa vidole anavipuliza. Akatuambia mkono ule una nguvu kuliko wake, mzee ale mwenyewe, tusimdekeze.

Baba alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe muuguzi. Huyu hapa ndiye fundi, na ameshaniambia."

Akanigeukia, akafungua mdomo. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikamlisha.